J4 Ni Siku Gani?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa kambi katika sherehe ya kuadhimisha miaka kumi ya Kamati ya Jamii



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema machache katika siku hii. Tuliombwa tuzungumze juu ya mawasiliano katika jamii yetu, na tukaambiwa tusizidi robo saa. Kumwambia mwalimu asizidi robo saa ni kumpa adhabu, lakini tutajitahidi.

Tungeweza kuanza na mambo ya kujisifu. Tumeona afadhali tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita katibu wa kitalu chetu aliugua, na Kamati ikatuomba sisi walimu tuandike tangazo la mgao wa chakula. Siku ya mgao ilikuwa imebadilishwa ghafla, kwa hiyo mambo yalikuwa ya haraka. Tuliandika kwenye kundi la WhatsApp la kitalu, kisha tukanakili maneno yale yale kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na bomba la maji: «Mgao ni J4 saa 2 asbh. Mje na kadi.» Kwetu sisi ilikuwa wazi. J4 ni Jumanne. Jumanne ilipofika watu walipanga foleni, wakapokea, wakarudi nyumbani, nasi tukapongezana kwamba kazi imekwenda vizuri.

Siku ya Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, alifika uwanjani mama mmoja na watoto wake wanne. Kadi iko mkononi, mfuko umekunjwa vizuri chini ya kwapa. Alikuwa amemaliza mwezi mmoja tu hapa kambini, ametokea upande wa Fizi. Alikuta uwanja mtupu na mbuzi wawili wakiokota punje. Aliyekuwa amemsomea tangazo ni mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka kumi na miwili aliyesoma Kongo kwa Kifaransa. Tulipomwuliza mtoto kwa nini walikuja siku ile, alishangaa swali lenyewe. Akajibu: «J4, mwalimu. Siku ya ine. Jeudi.»

Orodha ya mgao ilikuwa imekwisha kufungwa. Majirani walichanga unga, na Kamati ilihangaika mpaka jambo likatengenezwa, lakini lilichukua majuma. Katika majuma hayo yule mama aliuza kitenge, kimoja tu alichokuwa amebaki nacho kutoka nyumbani. Hilo hakutuambia yeye. Tulilisikia baadaye kwa mtu aliyekinunua.

Sasa, ndugu zetu, tuhesabu pamoja, maana sisi wenyewe tulikuwa hatujapata kuhesabu mpaka siku ile. Katika Kiswahili cha pwani juma linahesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa, siku ya sala. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo watu wa pwani wana siku mbili za tano zilizokaa bega kwa bega, na hatujasikia mtu akilalamika.

Lakini kwetu Kongo tulizoea kuanza na siku ya kazi. Siku ya kwanza ni Jumatatu, na ndugu zetu wa Katanga husema kabisa kazi moya, kazi mbili, kazi tatu. Siku ya ine ni Alhamisi. Warundi na Wanyarwanda husema ku wa kane, nayo ni Alhamisi. Hata wenyeji wetu hapa wanaosema Runyankore, Orwakana yao, siku ya nne, ni Alhamisi. Na Mfaransa naye amekuja na jeudi yake, ambayo inaanza kwa herufi J na ni siku ya nne kutoka Jumatatu. Basi chukueni watu wote waliopita mbele ya ubao ule kuteka maji. Wengi wao, kwa lugha waliyonyonya au kwa lugha waliyosomea, walikuwa na kila sababu ya kusoma Alhamisi. Walioweza kusoma Jumanne ni wale waliofunzwa Kiswahili cha pwani, au waliokuwa wamekwisha kuzoea mambo ya kundi letu la simu.

Mtoto hakukosea kusoma. Sisi tulikosea kuandika.

Alama hii ya J4 tuliitoa wapi? Ililetwa na vijana waliokulia katika kambi za Tanzania kabla ya kufika hapa Uganda. Kule vijana wote huandika J3, J4, J5 na hakuna anayepotea. Tuliipenda kwa sababu ni fupi. Pia, na tuseme ukweli mbele ya wanafunzi wetu, tuliipenda kwa sababu ilitufanya tuonekane watu wa siku nyingi hapa, watu wanaojua.

Tangu wakati ule tumekuwa tukichunguza jinsi maneno ya namna hii yanavyozaliwa. Tumekuwa tukisoma, tukiuliza, na kusikiliza watoto wanapocheza. Mengi tutakayosema yametoka huko.

Watu wakitupwa mahali pamoja hawangojei mwalimu awape lugha. Mfano unaotugusa zaidi sisi walimu ni wa watoto viziwi wa nchi ya Nicaragua, Amerika ya Kati. Kabla ya mwaka 1977 viziwi wengi wa nchi ile walikaa majumbani, kila mmoja na ishara chache za kuelewana na mama yake. Mwaka ule shule ya elimu maalum ilifunguliwa katika mji mkuu, Managua, na watoto wakaanza kukutana. Walimu walijitahidi kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, bila mafanikio makubwa. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto walikuwa wanaunganisha ishara zao za nyumbani kuwa ishara za wote. Walimu walitazama mikono ikienda mbio wasielewe kitu. Mwaka 1986 aliitwa mtaalamu wa lugha kutoka Marekani, Judy Kegl, naye na wenzake wakaona kwamba ile ilikuwa lugha kamili, yenye kanuni zake. Na kilichowashangaza zaidi ni kwamba watoto wadogo, waliokuja nyuma na kuzikuta ishara tayari, waliitumia lugha ile kwa ufundi kuliko wakubwa walioianzisha.

Tuliposoma habari hiyo tulicheka kidogo, maana tulijiona. Sisi tuliosomea ualimu kwa Kifaransa na sasa tunasaidia madarasa kwa Kiingereza tunajua kusimama uwanjani bila kuelewa watoto wanasema nini. Mtoto wa Kibembe, wa Kifuliru, wa Kinyarwanda na wa Kirundi wakicheza mpira wa matambara wanazungumza kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Kina Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha darasani, na maneno ya kambi.

Hayo maneno ya kambi wote tunayajua. Shitingi ni karatasi ya nailoni tunayoezekea. Jeto ni kile kipande cha kuonyesha ulipo kwenye foleni, ambacho wenzetu wa Burundi na Kongo wamekirithi kutoka Kifaransa. Ukisema fulani ana kesi, mgeni wa mjini atadhani amegombana na mtu au ameiba kuku. Sisi tunaelewa kwamba faili lake la kuhamia nchi ya tatu limefunguliwa. Tunasema kesi imetembea, kesi imelala. Tumesikia mtoto mdogo akiuguza kaka yake mwenye homa akisema, «Leo homa imelala,» na tukajua neno limekwisha kutoka ofisini na kuingia jikoni.

Na simu nayo ni kambi ya namna yake. Watu wanakutana pale ambao pengine wasingekutana, nao hutengeneza desturi kabla ya kutengeneza kanuni. Wenye umri wa thelathini na zaidi mnakumbuka kubipu. Salio limekwisha, unapiga, simu inalia mara moja, unakata. Hakuna neno lililosemwa, lakini ujumbe umefika. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, alichapisha mwaka 2007 maandishi juu ya kubipu akitumia hasa mazungumzo na watu wa Rwanda, wenye biashara ndogo na wanafunzi wa chuo kikuu. Alikuta kuna bipu ya kusema nipigie, bipu ya jambo mliloagana kabla, kama vile nimefika, na bipu ya kusema tu ninakukumbuka. Akakuta pia adabu yake. Mwenye uwezo ndiye anayepiga. Mtu hambipu tajiri wake ovyo, wala mteja. Na kijana anayemtafuta mchumba, akimbipu, amejiharibia. Hakuna serikali iliyotunga kanuni hizo. Mtu asiyezijua alionekana hana malezi, hata kama alikuwa mtu mwema aliyenunua simu jana.

Ujumbe wa maandishi ulikuja na njaa yake. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na nafasi iliyotengwa ilikuwa herufi 160 tu kwa ujumbe mmoja. Ukizidi, unalipa wa pili. Basi watu wakaanza kubana maneno: mtu akawa m2, kitu akawa k2, na wenzetu wa Kifaransa wakaandika bjr na slt na dsl. Leo kwenye makundi yetu ya WhatsApp hakuna anayetuhesabia herufi. Unaweza kuandika barua ya kurasa tatu, au kusema kwa sauti tu. Lakini bado tunaandika m2 na J4. Sababu iliyozaa ufupisho imekwisha kufa, na ufupisho wenyewe umebaki kama salamu ya watu wanaofahamiana. Hapo ndipo tunaona ugumu ulipo. Neno linazaliwa kwa shida, linapendwa kwa undugu, na yule ambaye hakuwepo wakati wa shida anakuta watu wamekwisha kuwa ndugu bila yeye.

Hata alama za nyuso zina historia ya kutoelewana. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, wataalamu walikuwa wakiandikiana kwa kompyuta. Mmoja akaandika mzaha kwamba lifti ya jengo imemwagikiwa zebaki, na wengine wakauchukua kama onyo la kweli. Basi tarehe 19 Septemba mwalimu mmoja wa pale, Scott Fahlman, akapendekeza kwamba mwenye kutania aweke nukta mbili, kistari na mabano, uso unaocheka kwa ubavu, ili watu wasitishike. Wasomi wa chuo kikuu walihitaji alama ya kuwaambia wacheke wapi! Basi tusione haya.

Maana kwetu yalitokea ya mzee mmoja tunayemheshimu sana. Alituma kwenye kundi habari ya msiba wa jirani, na chini yake akapanga nyuso tano zinazotoka machozi. Aliziona machozi, hakuona kicheko. Ni ule uso unaolia kwa kucheka. Wafiwa waliudhika, vijana wakaanza maneno, na tulilazimika kukaa kikao usiku, mzee akionyeshwa simu karibu na taa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, «Wanangu, kumbe nilikuwa ninacheka matangani?» Msiba wote ukageuka, wafiwa ndio wakaanza kumbembeleza yeye.

Wageni wetu wa mashirika, tunaomba mtuvumilie kwa hili linalofuata. Na ninyi mna lugha yenu ya kikundi. Mnasema NFI, nasi tunaona sufuria na blanketi. Mnasema RSD, nasi tunaona mtu amekaa mbele ya meza akieleza kwa mara ya tatu jinsi alivyokimbia. Tunajua mnafanya hivyo kwa sababu kazi ni nyingi na maneno ni marefu, kama sisi na J4 yetu. Lakini mama mmoja wa kitalu cha jirani aliambiwa na mfanyakazi, kwa nia njema kabisa, kwamba sasa ameandikwa kuwa PSN. Alirudi nyumbani akilia, akidhani ni jina la ugonjwa, na siku mbili hakutaka watoto wanywe maji kwenye kikombe chake. Maana yake ilikuwa tu kwamba yeye ni mtu mwenye mahitaji ya pekee, anayestahili kutangulizwa.

Upande mwingine wa jambo hili tutausema kwa ufupi, kwa kuwa wengi hapa wanaujua kuliko sisi. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu maneno ya kikundi yamewahi kufanya kazi mbaya. Mwaka 1994 nchini Rwanda neno gukora, yaani kufanya kazi, ambalo mkulima husema kila asubuhi akichukua jembe, lilitumiwa na wauaji kwa maana ya kuua. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ililazimika kusikiliza wataalamu wa lugha wakieleza maana ya maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo tukiona katika simu ya kijana neno jipya la kuwaita watu wa kitalu fulani au kabila fulani, hatulipiti. Tunamwuliza limetoka wapi, na nani analicheka, na anayeitwa hivyo analijua.

Kutokana na mambo hayo, wengine katika Kamati walipendekeza tupige marufuku. Matangazo yote yawe kwa Kiswahili sanifu, watoto wakatazwe maneno ya kambi shuleni, na anayefupisha kwenye kundi atolewe. Sisi walimu hatukukubali, na mpaka leo hatukubali. Katika shule tuliyosoma, mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Tulijifunza Kifaransa, ndiyo. Tulijifunza pia kuviziana. Na hicho Kiswahili sanifu wanachokitaja kingemwambia yule mama aje Jumanne, neno ambalo kwa hesabu ya nyumbani kwake bado ni siku ya nne. Usanifu peke yake usingemwokoa.

Tulichofanya ni kidogo, na tunakieleza ili vitalu vingine mkione kama kinafaa. Kila tangazo la siku tunaandika tarehe kwa tarakimu na jina la siku bila kulikata, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, na chini yake tunachora vijiti: kimoja kwa kila usiku wa kulala kabla ya siku yenyewe. Kila jioni mtoto wa zamu anafuta kijiti kimoja. Wasiojua kusoma wanasema hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kambi waliyoyaelewa bila kumwomba mtu. Kwenye kundi la simu, baada ya maandishi, mmoja wetu anasoma kwa sauti yale yale, polepole. Na kabla tangazo halijatoka, linasomewa kwanza watu watatu: mzee mmoja, mtoto mmoja, na mtu ambaye hajamaliza miezi mitatu hapa. Kila mmoja anaulizwa: utafanya nini, na siku gani? Wakitofautiana, tunaandika upya.

Mtu wa kwanza tuliyemwomba kazi hiyo ya kusikiliza alikuwa yule mama wa Alhamisi. Miezi mitatu yake imepita zamani, lakini amekataa kuacha. Anasema yeye bado ni mgeni. Mara ya mwisho alitukamata kwa neno «uwanja wa zamani». Akauliza: wa zamani kwa nani?

Wanafunzi wa darasa la sita nao wamefungua daftari la maneno ya kambi. Wanaandika neno, nani alilisikia, wapi, na maana yake kwa watu wanne tofauti. Mpaka juzi walikuwa wamefika ukurasa wa thelathini na moja. Daftari liko kwenye meza ya ofisi ya shule, limefungwa kwa kamba ili lisipotee, na linafunguliwa kwa kila mtu Jumamosi baada ya kufagia, yaani siku ya sita kwa wengine, ya kwanza kwa wengine, tarehe tutaiandika ubaoni. Wafanyakazi wa mashirika wanakaribishwa pia. NFI tayari imo, lakini mahali pa maana yake watoto wameandika maana nne, na tungependa mtu wa ofisi aje azisome.

Robo saa imekwisha, na Mwenyekiti ameangalia saa mara mbili.